Salfa Chumbani kwa Mama

Kwa jumla ilinigharimu laki tatu na elfu arobaini. Nimejumlisha mara mbili, ya pili nikitumaini nimekosea. Humo mna bajaji za kwenda na kurudi hospitali, vipimo, dawa ya kuvuta kwa mdomo, fundi wa kubomoa nilichokiziba mwenyewe, na nauli ya mama kurudi kwake Nanyamba. Nilichookoa katika biashara yenyewe ni elfu arobaini. Hesabu ya namna hii mtu anayejiita mjanja wa mjini haitoi hadharani, lakini nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Mwenye mikorosho anaijua salfa. Asiye nayo nimweleze: ni unga wa manjano tunaoupulizia mikorosho inapotoa maua, ukungu usiyaue. Msimu ukifika kila mtu anautaka na bei inapanda. Mimi shamba langu liko Nanyamba, ila naishi na familia Mtwara mjini, nyumba ya kupanga Shangani, upande wa nyuma, ule ambao habari za bahari tunapewa na majirani. Mwaka huu nikajiambia nitanunua mapema, wakati wa masika, wenye maduka wakiwa wanapiga miayo.

Muuzaji mmoja alikuwa na mifuko minane iliyochanika pembeni.

"Hii nipunguzie," nikamwambia. "Nusu itamwagika njiani."

"Haimwagiki, kaka. Inapumua tu kidogo."

"Basi nipunguzie hiyo pumzi."

Akacheka, akatoa elfu tano kwa kila mfuko. Nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

Sasa iwekwe wapi? Shambani wakati ule hapakuwa na mlinzi, sebuleni watu wanapita, stoo hatuna. Kikabaki chumba cha mama. Mama yangu ni mjane, na alikuwa amekuja kukaa nasi masika yapite, huku goti lake likitazamwa. Chumba chake kina nondo dirishani na kufuli la maana mlangoni. Na yeye mwenyewe, nisiseme uongo, nilimhesabu kwenye ulinzi: hatoki sana, na usingizi wake ni mwepesi.

"Mama, nakuwekea mizigo kidogo."

"Weka, mwanangu. Kwani chumba si chako?"

Nikaipanga chini ya kitanda na kandokando ya ukuta. Kisha nikawakumbuka wezi wa mtaani kwetu, wale wanaoingiza mti wenye ndoano dirishani, nikalipigilia ubao dirisha zima. Matundu ya hewa yaliyo juu yake nikayaziba kwa karatasi za mifuko ya saruji, mvua isiingie. Mali ilikuwa salama kabisa.

Wiki haijaisha, mama akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwangua, na macho mekundu yenye kutoa machozi. Mke wangu akasema chumba kile kinanuka kama kiberiti. Nikasema ni udi. Mama hufukiza udi wake, na mimi nilihitaji mtu wa kulaumu ambaye si mimi.

"Udi nafukiza tangu wewe hujazaliwa," mama akasema.

"Kifua cha wakati ule si hiki, mama."

Tukapatana, maana mimi hata na mama yangu napatana: udi uhamie uani, tena Ijumaa tu. Akakubali. Kikohozi hakikuwa kwenye mapatano, kikabaki. Nikalaumu feni, nikalaumu baridi ya mvua, nikalaumu jiko la mkaa la jirani. Nikanunua kopo la manukato ya kupulizia nyumba, lenye picha ya maua, nikapuliza chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mama alitoka nje ameshika ukuta, na mke wangu akaninyang'anya kopo.

Tukaenda hospitali. Daktari, dada mmoja mpole, alimsikiliza mama kifua, kisha akaniuliza mimi kwa kuwa mama alikuwa anahema.

"Anakolala kuna moshi? Vumbi? Dawa za mashamba? Kitu chochote kikali?"

Nilijua. Hapa sitaki mtu anitetee. Jibu lilikuwa mdomoni tayari, lakini niliiona mifuko yangu ikitolewa nje mvuani, na nikawaza dada yule atanionaje, mtu mzima na kofia yangu kichwani. Nikasema, "Hapana, daktari. Chumba kisafi. Kina dirisha kubwa."

Dirisha kubwa lilikuwepo kweli, nyuma ya ubao.

Mama akanigeukia. Akanitazama kidogo tu. Halafu akamwambia daktari, "Chumba kizuri, mjukuu wangu. Mwanangu ananitunza."

Akaandikiwa dawa kama mtu ambaye kifua chake kimeugua chenyewe.

Tulipofika nyumbani mke wangu aliingia kumtandikia kitanda. Akaniita bila kupaza sauti, na yeye akiacha kupaza sauti ujue mambo yameharibika. Alikuwa ameshika msala wa mama. Mahali paji la uso linapogusa palikuwa na doa la manjano. Kando ya kitanda kulikuwa na kitambaa kibichi, nacho cha manjano.

"Mama, unafuta hivi tangu lini?" mke wangu akauliza.

"Kila alfajiri, mwanangu. Nafuta kwa maji, pakikauka vumbi linarudi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Hizo ni korosho za mwaka mzima. Mimi nikikohoa kidogo, wajukuu watakula."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyenitukana. Ningelipia nitukanwe.

Siku ileile niliipeleka mifuko shamba, mvua ikinyesha, nikatafuta mtu wa kuilinda kwenye kibanda. Fundi akaja kung'oa ubao na kuzibua matundu. "Nani kaziba hivi?" akauliza. "Alitaka kuuza hewa kwa kipimo?" Bei aliyotaja niliilipa bila kupunguziwa, jambo ambalo mke wangu alilitazama kwa wasiwasi. Tukaweka wavu mpya matunduni, tukapiga deki kuta na sakafu, godoro tukalitoa juani. Sasa dirisha linafunguliwa asubuhi, na sebule nzima imebadilika harufu. Kikohozi cha mama kilipungua, ila hakikuisha. Kisha akasema goti limepona, anataka kwake. Goti halikuwa limepona.

Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema dawa ile aliitoa kwa maelezo yangu, hivyo amwone mama upya, kifua kisije kikachakaa moja kwa moja. "Mlete mapema," akasema.

Nimekwenda Nanyamba mara mbili kumchukua. Mara zote mbili nimemkuta jikoni, jiko la kuni, mlango umerudishwa kuku wasiingie, anakohoa. Majirani amewaambia hewa ya mjini haikumkubali.

"Mama, chumba kina hewa sasa. Twende."

"Kipangishe, baba, upate chochote."

Hakusema kwa uchungu, alikuwa ananifikiria. Nikajaribu kuanza: "Mama, siku ile kwa daktari, mimi..." Akanikata. "Siku gani? Hukunifanyia kitu. Kula ugali, utachelewa gari." Mara ya pili ikawa vilevile, ila ilikuwa mihogo.

Naona kwamba akikubali nimemkosea, itabidi akubali pia kwamba alidanganya kwa ajili yangu, na hilo hataki tulizungumze. Wakati huohuo kifua hakingoji. Kupatana bei naweza, hili siliwezi. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyesoma mpaka hapa, na hasa kama una mzazi wa aina hii: nimwombeje msamaha mtu anayekataa kwamba nilimkosea, mpaka akubali kupanda gari nami aje atibiwe?