Magwanda ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni polisi. Nikisema hivyo watu hunitazama kwa huruma, kama nimewaambia nyumbani kwetu tunafuga chui. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilikuja na hofu hiyohiyo, na wiki ya kwanza nikaunguza sufuria yake kubwa. Akaja jikoni, akanitazama mimi kabla ya sufuria, akasema, "Pole. Hujaungua mkono?" Habari ya sufuria hakuiuliza mpaka leo.

Hata kazini yuko hivyo. Miaka yote amekaa dawati la akina mama na watoto, chumba kidogo nyuma ya kaunta chenye meza, benchi, na pazia alilolishona mwenyewe kwa mkono. Mtu akiingia, kabla hajaulizwa jina, anapewa pole. Ndiyo maana mtaani wanamwita Afande Pole. Wanaume wa kituoni walikuwa wakimtania, "Afande Pole, na huyu mwizi mpe pole yake." Yeye anajibu, "Nitampa, akishasema alikoficha." Na wengi walisema.

Sare yake ilikuwa shati la kijivu na sketi nyeusi yenye marinda, na mimi ndiye niliyekuwa napiga pasi yale marinda. Watoto wa mtaani waliyajua kwa mbali. Wakimwona anarudi walimkimbilia.

Halafu yakaja magwanda.

Yaliletwa kwenye magunia. Mabaka ya kijani na kahawia, suruali yenye mifuko mpaka magotini, buti za kupandia milima ambayo hapa hatuna, na kofia ya kuficha macho. Agizo likasema kila askari, kuanzia anayekimbiza majambazi mpaka anayepokea watoto waliopotea, avae hayo na si mengine. Sare za zamani wakaambiwa warudishe, wakarudisha.

Mama mkwe aliyajaribu chumbani, akaja kusimama sebuleni. Mume wangu akaweka kikombe chini.

"Mama, tunaivamia nchi gani?"

"Naenda kukaa kwenye kiti," akasema. "Kiti kilekile."

Miwani yake aliitia kwenye mfuko wa goti, kwa sababu kifuani mifuko ilikuwa ya urembo tu, haifunguki. Kuanzia siku hiyo kila akitaka kusoma kitu anainama kama aliyeangusha shilingi.

Ningecheka zaidi, lakini ng'ambo ya barabara yetu iko kambi ya jeshi, na wanajeshi nao wanavaa mabaka ya kijani na kahawia. Ukitaka kujua huyu ni nani inabidi usogee usome begani, na nani ana hamu ya kusogea?

Siku chache tu baada ya magunia kufunguliwa, lori lilisimama mtaani kwetu, wakashuka watu wenye magwanda, wakapindua meza za wachuuzi. Mmoja akaupiga teke mlango wa saluni ya msusi wetu, kioo kikubwa kikadondoka chote. Msusi akaenda kituoni kulalamika. Wakamwambia, hao ni wanajeshi. Akavuka barabara mpaka getini kambini. Wakamwambia, sisi hatuhangaiki na meza za nyanya, hao ni polisi. Akarudi kituoni, wakamwelekeza kambini. Alinisimulia huku ananisuka, ameniinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Kwa hiyo dada, kioo changu kimevunjwa na nguo."

"Nguo gani?"

"Nguo tu. Ndani hamna mtu. Nimeuliza kote, hamna mtu."

Msusi ana binti mdogo, hata shule hajaanza. Sisi tunamwita Chiriku, maana akiamka amefungua mdomo na akilala bado anamalizia sentensi. Siku ya kioo alikuwa chini ya meza ya saluni anacheza na vibanio. Tangu hapo akiona mabaka, ya mtu yeyote, anaingia uvunguni na mdomo unafungwa.

Sasa, msusi alikuwa anaishi na mwanamume ambaye si baba wa mtoto. Jumapili moja majirani walisikia kishindo nyumbani kwao, nyuma ya saluni, wakaenda, wakamkuta msusi sakafuni, taya limevunjika na hajitambui. Mwanamume akasema ameteleza bafuni. Sakafu ya bafuni ilikuwa kavu, hata mimi niliiona, lakini kuona sakafu si kuona mtu akipigwa. Msusi akapelekwa hospitali, hajazinduka. Mwanamume akawekwa ndani. Mkuu wa kituo akasema wazi kwamba asipopatikana aliyeona kwa macho, kesho yake mchana anamwachia, sheria haimruhusu kumshikilia.

Aliyeona alikuwa mmoja tu, Chiriku. Na mwanamume akitoka, anarudi nyumba ileile, na mtoto yuko mlango wa pili kutoka kwetu, kwa bibi yake ambaye hata kufuli la mlango linamshinda nguvu.

Mama mkwe akaenda na magwanda yake. Nilimfuata, mwanangu mgongoni. Chiriku alisikia zile buti kwenye ngazi, tulipoingia kitanda ndicho kilichotupokea. Mama mkwe akapiga magoti kwa shida.

"Chiriku. Ni mimi, bibi wa mlango wa pili."

Kisigino kidogo kikavutwa ndani zaidi ya uvungu.

"Chiriku, mwanangu, hunijui?"

Sauti ikatoka uvunguni, ndogo lakini ya uhakika. "Bibi hana miguu hiyo."

Tulikaa pale mpaka mwanangu akalala. Mtoto hakutoka, na neno la pili hakulisema.

Mtu atauliza, si angevua tu akarudi na gauni? Hapo humjui mama mkwe wangu. Agizo lilisema askari anayechukua maelezo awe ndani ya sare, la sivyo maelezo hayapokelewi, na yeye tangu aanze kazi hajawahi kuvunja agizo. Hata taa ya barabarani ikiwaka nyekundu na barabara iko tupu, anasimama, na sisi wenye mizigo tunasimama naye. Ndiyo taabu ya kuishi naye. Kwa hiyo akaenda kwa mkuu wa kituo kuomba ruhusa. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula, nikasikia yote kwenye benchi.

"Afande, ni mtoto mdogo, naomba nivae kiraia kwa saa moja."

"Nikikuruhusu wewe, kesho wa kaunta atakuja na kaptula."

"Anaogopa mabaka, afande."

"Wananchi wote wanaogopa mabaka. Ndiyo maana yameletwa."

"Huyu hajafanya kosa."

"Agizo halikusema isipokuwa watoto. Limetoka juu, mimi niko chini kama wewe."

Alirudi nyumbani jioni, akavua magwanda, akaketi. Baadaye akaniambia, "Labda mtoto naye ashonewe magwanda, tulingane." Nikataka kucheka nikaona macho yake, nikaacha. Nikayachukua yale magwanda nikayafua, maana yalinuka gunia na jasho la siku nzima. Kitambaa kizito kama godoro, ukikamua unakamuliwa wewe. Nikayaanika kwenye kamba ya upande wa barabara, pale pale nilipozoea kuanika shati lake la kijivu. Sikufikiria lolote. Nilifikiria jua la asubuhi.

Asubuhi nikasikia hodi. Wanajeshi wawili, mmoja kijana, mwingine mtu mzima mwenye kitambi. Yule mtu mzima ameshika mguu wa suruali kwenye kamba kama anampima mbuzi.

"Dada, hii nguo ya nani?"

"Ya mama mkwe."

"Mama mkwe wako ni mwanajeshi?"

"Ni polisi."

Wakatazamana. "Polisi gani anavaa kitambaa chetu?"

"Wote," nikasema.

"Raia kukutwa na sare ya jeshi ni kosa, unajua?"

"Si raia. Nimekwambia ni polisi."

"Kwa jeshi, polisi ni raia."

Nikamweka sawa mtoto mgongoni. "Na kwa polisi, jeshi ni nini?"

"Dada, tusitaniane asubuhi."

Mama mkwe akatoka na gauni lake la nyumbani la maua, kichwa wazi, nywele zimesimama kila upande. Yule mwenye kitambi akapunguza sauti kidogo, akamwamkia. Halafu akaeleza kwamba hii ni mali ya jeshi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

"Itathibitishwa na nani, mwanangu?"

"Na mkuu wa ghala, mama."

"Yupo?"

"Amesafiri."

Mimi nilijiandaa kusikia vita. Mama mkwe akaitazama ile suruali, bado inadondosha maji. Kisha akageuka akautazama mlango wa bibi yake Chiriku, na akautazama kwa muda.

"Ngojeni," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kofia na buti. "Chukueni na hivi. Vyote vilitoka gunia moja."

"Mama, buti hatujaziuliza," kijana akasema.

"Beba tu. Usije ukasumbuka kuzirudia."

Wakaondoka wamebeba, maji yanawachuruzikia miguuni. Mama mkwe akampigia simu mkuu wa kituo.

"Afande, sare yangu imekamatwa na jeshi." Akasikiliza. "Ilikuwa kwenye kamba." Akasikiliza tena. "Ya zamani tulirudisha, afande. Mliamuru." Mkuu akasema anapiga simu juu kuuliza. "Sawa," akasema mama mkwe, "mimi wakati huo nipo mlango wa pili." Lakini mkuu alishakata, na mama mkwe hakupiga tena.

Akaingia kwa Chiriku na ndala, na kalamu, na kitana. Mtoto alikuwa kitandani anakula, akamwona, hakukimbia. Mama mkwe hakuuliza kitu. Akakaa chini, akampa mgongo, akampa kitana.

"Msusi, nina safari. Nichane."

Nimesukwa na mama yake Chiriku tangu niolewe, nikaelewa. Saluni watu hawatazamani. Kichwa chako kiko mbele, maneno yanatoka nyuma, na siri za mtaa mzima zimepita hivyo. Chiriku amelelewa humo. Akapanda kwenye kigoda nyuma ya mama mkwe, akazigawa zile mvi kwa vidole vyake vifupi, akavuta kwa nguvu mpaka macho ya mama mkwe yakatoa machozi.

"Pole," akasema Chiriku. "Usitikise kichwa, mteja."

"Sitikisi."

Akasuka kidogo. Halafu akaanza, bila kuulizwa, sauti ileile ya mama yake anaposimulia ya watu. Akasema mama hakuteleza. Yule mwanamume alimpiga kwa kiti kile cha wateja, kinachozunguka, mara akiwa amesimama na mara akiwa ameshaanguka. Akasema, "Na mimi akaniambia nikisema nitateleza bafuni." Bibi yake alikuwa mlangoni, akajishikilia ukutani. Mama mkwe aliandika juu ya goti lake bila kuinua kichwa, na bibi akatia sahihi kuwa amesikia kila neno. Mimi nilitoka nje na mwanangu. Nilimbana mpaka akalia.

Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo yote, halafu swali lake la kwanza likawa, "Ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni, afande."

"Gauni gani?"

"La maua."

"Wakili wa yule mwanamume atauliza hili."

"Akiuliza, mwiteni mkuu wa ghala. Atakuwa amesharudi safari."

Mkuu aliguna sana, akazunguka meza yake, lakini kuyachana hakuthubutu. Mwanamume hakutoka mchana ule, alipelekwa mahakamani akarudishwa rumande. Msusi alipozinduka, taya limefungwa waya, aliulizwa kama ni kiti. Akafumba macho akatikisa kichwa kukubali.

Ungedhani mama mkwe angepewa hata asante. Alipewa shitaka la kupoteza mali ya serikali. Kambi inasema magwanda yake ni ya jeshi, kituo kinasema ni ya polisi, na mpaka wakubaliane mpotezaji ni yeye. Wakamtolea mengine kwenye gunia, makubwa, kiuno tumekifunga kwa kamba. Na dawati wakamwondoa. Sasa anapanda lori, mwanamke wa umri ule, ana ngao na kofia ya chuma, analinda kituo cha mafuta ambacho hakuna anayekigusa. Kwenye kile chumba chenye pazia wameweka kijana aliyetoka mafunzoni, buti juu ya meza, na anauliza jina kwanza.

Basi wenye shida wameacha kwenda huko. Wanakuja kwetu. Jioni nikirudi bombani nakuta mtu ngazini, mara mama aliyevimba jicho, mara binti anayetazama vidole vyake vya miguu. Mume wangu analalamika kwamba hana pa kukaa ndani ya nyumba yake, sukari inaisha kabla ya mwezi, na mimi nalalamika naye, maana kikombe nakiosha mimi. Mama mkwe anasema kuchukua maelezo nyumbani hakuruhusiwi, kwa hiyo hachukui. Anasikiliza tu, halafu kesho yake alfajiri anawasindikiza mwenyewe kituoni na kumsimamia yule kijana mpaka aandike.

Jana tena. Nilikuwa namwogesha mtoto, nikasikia hodi ya mtu anayeogopa kusikika. Nikafungua. Mama mmoja nisiyemjua, ana mtoto mkononi, akachungulia ndani kabla ya kuniamkia.

"Afande Pole yupo?"

"Yupo, anabadilisha nguo," nikamwambia. "Ingia ukae."