Choo cha Mama Mkwe

Nilipomzaa binti yangu wa pekee nilichanika vibaya, na tangu siku hiyo sikuweza tena kuzuia haja kubwa. Nasema wazi hivyo hivyo. Nimechoka na wanaopinda mdomo na kunong'ona eti "tumbo linamsumbua." Tumbo langu zima, asanteni.

Kwa miaka mingi sikupanda basi la Bunda. Kanisani hapa Nyamuswa nilisimama nje dirishani, padri akidhani nina majivuno. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa, ndipo nikaanza kuficha.

Binti alikuwa sekondari walipokuja madaktari wageni. Waliniwekea kidude kama kiberiti chini ya ngozi ya tako, na uzi mwembamba uliokwenda kwenye mshipa wa fahamu wa mgongoni. Kinaustua ule mshipa kwa mtekenyo mdogo, nao unakumbuka kazi yake. Walinipa na rimoti. Jirani yangu aliiona akauliza nimenunua televisheni lini!

Kilifanya kazi, jamani. Nilikaa benchi la mbele kanisani. Harusi ya binti nilicheza mpaka shangazi zake wakanivuta kanga nikae. Wale madaktari walikuwa wakinipigia simu kuuliza naendeleaje, najibu vizuri sana, wanafurahi. Kisha wakaacha kupiga. Nadhani walishapata jibu walilolitaka.

Mwaka jana ule mtekenyo ukahamia mguuni, halafu ukapotea kabisa. Nilikwenda Musoma hospitali. Daktari kijana aliigeuzageuza rimoti yangu.

"Mama, nafikiri betri imeisha. Na iko ndani ya nyama."

"Si uitoe, uweke nyingine?"

"Hapa hatuna. Waliokuwekea walisema watarudi?"

Hawakusema. Wala mimi, kwa ile furaha, sikuuliza. Nilirudi nyumbani nimenuna, na binti sikumwambia.

Mwezi uliopita binti akajifungua, huko kwake Bunda. Mama asipokwenda kumuuguza mzazi atakwenda nani? Nikafunga kanga zangu nyingi nikaenda.

Sasa kwetu, mama mkwe haingii choo anachoingia mkwewe. Bora mauti. Nyumba yao ina choo cha ndani, hatua chache tu kutoka nilipolala, lakini hicho ni chake. Mkwe wangu ni mtu wa heshima: aliposikia nakuja, alinichimbia choo changu mwisho kabisa wa kiwanja, nyuma ya mihogo, akakipiga bati jipya. Hakunionyesha yeye, mkwe hawezi kutamka neno hilo mbele yangu. Alimtuma binti. Nilishukuru, huku moyoni nikipima ule umbali na kumlaani aliyetunga heshima.

Siku chache zilipita salama kwa sababu nilikuwa sili. Asubuhi moja binti akanilazimisha uji. Sikufika hata nusu ya mihogo. Na mkwe wangu alikuwa pale pale, anafunga mbuzi. Aliona. Akaiacha kamba, akageuka, akatoka barabarani akiwa pekupeku, mbuzi akabaki anakula mihogo.

Binti alinichukua bafuni akaniosha kama nilivyokuwa nikimwosha yeye. Nililia kwa hasira. Nilimwambia ni maziwa ya jana, yalikuwa yamechacha, na kwamba nataka kurudi Nyamuswa leo hii, nisimwone mkwe usoni tena maisha yangu yote.

"Usiende, mama," akasema. Akaweka ndoo chini. "Na mimi sizuii."

Sikumwelewa.

"Nilichanika. Walinishona, lakini tangu nitoke hospitali inatoka tu. Mume wangu hajui. Nikifua nimekuwa nikisema ni nguo za mtoto."

Mungu wangu. Nilimshika mikono, yote miwili imelowa. Yeye hakuwa analia. Alikuwa ananitazama pale takoni, kwenye kovu la kile kidude, kwa macho ya mwenye njaa aliyeona mlo.

"Ila mimi sina wasiwasi sana," akasema, "maana wewe nimekuona. Hiyo mashine yako, mama, mpaka leo inafanyaga kazi?"

"Inafanyaga," nikamwambia. "Tena vizuri. Ukipata nguvu nitakupeleka."

Ndipo akalia, kwa furaha, kichwa begani kwangu. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza tutakwenda lini, na mimi sijui nimpeleke wapi.