Mke wa Aliyeapa

Nilikuwa mkalimani wa serikali Garissa, kisha nikahamishiwa Wajir, miaka michache kabla ya vita vya Mtaliano. Kwetu ni pwani, na habari za uhamisho zilipofika wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya watu wenye kesi na Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita DC, nikiyachukua maneno huku na kuyapeleka kule. Sikuwa mvumilivu. Watu wa huko hupenda kuanza shauri la mbuzi mmoja kwa kuhesabu mababu, na mimi nilikuwa nikiwakatiza kabla hawajafika kwa babu wa tatu.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa na mwanamke aliyekuwa akiwauzia askari maziwa mlangoni pa boma. Kiswahili chake alikipatia hapo hapo. Mumewe alikuwa amekufia kisimani, upande wa kwenda Eldas. Alishuka kuzoa mchanga uliojaa chini, na mtu wa ukoo mwingine akabaki juu ameshika kamba. Asubuhi ile ile wawili hao walikuwa wamegombana juu ya zamu ya kunywesha ngamia, mpaka wakatenganishwa. Marehemu alipokuwa akipanda alianguka, na alipotolewa alikuwa ameshakata roho. Yule wa juu alisema kamba haikumponyoka hata kidogo. Marehemu mwenyewe aliiachia kwa uchovu. Wazee wa koo zote mbili wakasema ni kazi ya Mungu, wakamzika.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, kisima ni kimoja, na koo mbili zinakitegemea. Kumwita mtu muuaji ni kuanzisha vita penye maji. Lakini kifo kikiwa kazi ya Mungu, hakuna diya, wale ngamia wa fidia ya damu ambao ukoo wa muuaji huwapa jamaa wa marehemu. Bila ngamia hao mjane hakuwa na cha kuwalishia wanawe, na shemeji yake, aliyekuwa mmoja wa wale wazee, angemrithi yeye na watoto na wanyama wachache waliobaki. Ngamia wa diya wakipatikana, ni mali ya mayatima, na mama yao angeweza kubaki nyumbani kwake.

"Walaal," aliniambia, yaani ndugu yangu, "mimi nasema na wewe, wewe nasema na Bwana Shauri. Bwana yangu hawezi kuachia kamba. Yeye nashika kamba ya kisima tangu mdogo."

"Una shahidi?"

"Shahidi ni Mungu na ile mtu."

Nilimwambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: mbele ya Bwana Shauri mjane anaweza kudai mwenyewe, hahitaji kusemewa na shemeji. Kwa siku kadhaa alikuwa akimaliza kuuza maziwa anakaa kwenye kivuli cha ukuta, namfundisha kusema kwa ufupi. Nani amekufa. Nani alishika kamba. Wewe unataka nini. Alipoanza mambo ya ukoo nilimfokea, naye akanifokea pia, kisha tukaendelea. Nilimpenda kwa hilo.

Shahidi asipokuwapo, anayekana huapa. Nikamtahadharisha kwamba yule bwana atashika msahafu, ataapa, na mambo yataishia hapo.

"Msahafu ataaba haraka," alisema, p yake ikitoka b kama kwa watu wengi wa huko. "Atasema baadaye Mungu nasamehe. Mimi nataka aabe kwa bibi yake."

Kiapo hicho nilikuwa nimekisikia mara moja tu. Mtu husema: ikiwa nasema uongo, mke wangu ameachika talaka tatu. Akiwa mkweli, hakuna kilichobadilika. Akiwa mwongo, ndoa imekufa pale pale, ajue mtu au asijue, na usiku atakaolala na mkewe ni zinaa. Nikamuuliza kama anajua anachoomba, maana mke wa yule mtu hana kosa lolote.

"Na mimi," akasema, "nilikuwa na kosa gani?"

Bwana Shauri alikubali dai, akataka kulisikiliza pale pale kisimani. Tulifika jua likiwa utosini. Mchana wa huko hauna vivuli. Chokaa ya ardhi ni nyeupe, mbingu nyeupe, na mtu akisimama mbali huonekana kama hana miguu. Watu wa koo zote mbili walikuwa wamepiga kambi karibu, nyumba zao za herio, fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, zikiwa zimetawanyika huku na huku.

Walikuwa wakinywesha. Kazi hiyo hufanywa kwa wimbo: wanaume hujipanga ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo ya ngozi, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Nilisimama kusikiliza, kwani ndicho kitu pekee cha Wajir kilichonifurahisha. Walipoitikia, kukatoka sauti nyingine chini kabisa, imechelewa, peke yake. Wakaimba tena, ikachelewa tena.

"Mwangwi huo," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mzee aliyekuwa karibu nami hakunitazama. "Mwangwi najibu watu wote," alisema. "Hii najibu mtu moja, ile ya kamba."

Sikuwa mtu wa kuamini majini ya visimani. Kwetu nilikuwa nikiwacheka wanaoyaogopa. Basi nikaenda nikainama juu ya mdomo wa kisima kumwonyesha mzee yule ujinga wake, na kutoka kule chini, chini ya wanaume wote waliojipanga, nikasikia mtu akihema, pumzi za mtu anayepanda akiwa na mzigo. Nilirudi nyuma. Waliokuwa ndani walikuwa wamenyamaza, na tangu hapo walinywesha bila wimbo. Kisima kikinyweshwa kimya, husikii ila ndoo na ngozi iliyolowa. Hata ngamia hawakulisogelea hori la maji mpaka waliposukumwa. Niliogopa, na nilikasirika kwa kuogopa.

Baraza lilikaa chini ya turubai ukingoni mwa kambi, sauti zikifika mpaka majumbani. Mjane alisema maneno yake kama tulivyoyapanga, mafupi, akiwa amesimama, na shemeji yake akawa anachora mchangani kwa fimbo. Nilipotafsiri kiapo alichokitaka, wazee walinung'unika. Bwana Shauri akauliza kama ni halali kwa dini yao. Sheikh mmoja mkongwe, aliyekuja na ukoo wa mshtakiwa, akajibu kwamba si kizuri, lakini kikitamkwa kinashika.

Mshtakiwa alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura. Sikumwona kama muuaji, na mpaka leo sijui sura hiyo ikoje. Akatazama watu wa ukoo wake, ambao ngamia wao wangetoka kumlipia, nao wakamtazama. Akaapa. Alisema kwamba hakuachia kamba, na ikiwa ameiachia, mkewe ameachika talaka tatu.

Hakikutokea kitu. Sijui tulikuwa tunangoja nini. Upepo ulivuma ukaacha, Bwana Shauri akaanza kukusanya vitu vyake, na mjane akabaki amesimama vile vile.

Kisha tukasikia mikeka ikiburutwa.

Katika kambi nzima, nyumba moja ilikuwa ikifunguliwa. Kwenye ardhi ile hakuna anayefungua nyumba mchana wa jua kali, wala peke yake. Wanawake hufungua zote kwa pamoja, alfajiri, kambi inapohama. Nyumba ni mali ya mke, huijenga na kuibomoa yeye. Mwanamke huyu alikuwa akifungua kamba bila haraka, mkeka baada ya mkeka, mpaka fito zikabaki wazi na tukaona ndani: kitanda, kibuyu cha maziwa, mtoto amelala. Ngamia wake wa mizigo alikuwa ameshapiga magoti kando.

Hakututazama. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno.

"Anafanya nini yule?" Bwana Shauri akaniuliza.

"Ni mke wa aliyeapa," nikasema. "Anahama kwa mumewe. Ameachika."

"Ameachika lini?"

"Sasa hivi, bwana."

Vijana wa ukoo wao walinyanyuka kwenda kumzuia. Sheikh akainua mkono. "Mwacheni," alisema. "Yeye najua alichoambiwa ndani ya nyumba yake."

Fito ya kwanza iling'olewa. Mshtakiwa alikuwa akiitazama nyumba ikipungua. Alipoona mtoto amebebwa mgongoni akafunika uso kwa kiganja, na akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba alifungua mikono. Kwa hasira tu, alisema, ya muda mdogo. Wazee hawakubishana tena. Diya ilikubaliwa pale pale, yote, na shemeji mtu akawa wa kwanza kuitikia.

Nikageuka kumtafuta mjane, nimpe habari kwa maneno mafupi kama nilivyomfundisha. Hakuwapo barazani. Alikuwa amevuka uwanja, amesimama kwenye duara la ile nyumba, ameshika ncha ya mkeka mkubwa ambao mtu mmoja hawezi kuukunja.

"Umeshinda," nikamwambia. "Ngamia watatoka."

Yule mke aliyeachika alikuwa ameshika ncha ya pili, macho makavu kabisa.

"Vuta ubande wako," alimwambia mjane, na wakaanza kukunja.