Mbuzi wa Relini

Nilipoolewa Kamina, ng'ambo ya mpaka, nikitokea Tanga, nilikuta mbuzi wa mama mkwe wangu wanalala juu ya reli. Reli inapita nyuma ya shamba letu la mihogo na migomba, na msimu wa mvua kokoto zake ndizo mahali pekee pasipo na matope. Mimi sikuvumilia. Kila asubuhi nilitoka na fimbo, nikawafukuza huku nikiwatukana, na walipoona nimechoka walirudi kulala.

"Na treni ikija?" nilimuuliza mama mkwe.

"Treni? Ile mbuzi inayua treni kushinda shefu ya gare," alijibu, akiendelea kutwanga sombe, majani ya mihogo ya mboga.

Nilicheka. Mbuzi waijue treni kuliko mkuu wa stesheni? Nani angenifundisha mifugo, mimi niliyekulia kwenye ng'ombe wa maziwa?

Asubuhi moja nilifika relini, na kabla sijainua fimbo mbuzi wote wakainuka, wakashuka mmoja mmoja hadi migombani. Hatimaye, heshima! Nikasimama katikati ya reli, mikono kiunoni, nikawahutubia kuhusu faida za utii. Kutoka uani mama mkwe alikuwa akipiga kelele na kupunga mchi. Nikadhani ananipongeza.

Honi ya treni ndiyo iliyonieleza. Niliruka, nikaangukia migombani, katikati ya wanafunzi wangu.

Siku hizi nikitaka kuvuka reli kwenda kisimani, mama mkwe haniulizi kama nimetazama huku na huku. Ananiuliza tu: "Mbuzi iko inalala? Basi, pita."