Sista Mapovu, Mfungua Vinywa vya Watoto

Alizaliwa mwaka 1931, kitinda mimba wa baba kinyozi na mama muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na bomba la maji la mtaa. Alikuwa mtoto mchangamfu, mdomo hautulii, ila herufi ya r ilimshinda kabisa. Kila jioni familia iliposali, yeye alimsalimu "Malia", na kaka zake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi yake, fundi wa kushona, ndiye aliyemhurumia. Alimketisha kando ya cherehani, akakanyaga, akamwambia, "Msikilize huyu, halafu mjibu." Wakanguruma pamoja, trrr, trrr, mkono wa mtoto ukiwa juu ya mashine ili ausikie mtetemo wake, hadi ulimi ukakubali. Mwenyewe alisema siku zote kwamba Mungu alimwita siku ile. Utawani aliingia baadaye, akiwa msichana, na baba yake alimkata nywele kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimtiririka.

Baada ya nadhiri alitumwa kusomea utibabu wa matamshi, na mwaka 1958 akapewa chumba kilichopakana na kikanisa cha watawa, awafundishe watoto ambao ndimi zao zilikuwa nzito. Hakuwakalisha kwenye madawati. Kwa s walifinyanga nyoka wa udongo, na nyoka alirefuka kadiri pumzi ilivyodumu. Kwa l aliwapaka asali nyuma ya meno ya juu, ulimi uifuate huko huko. Kwa p walipasua mapovu ya sabuni, "pa!" kwa kila povu, na hapo ndipo watoto walipompa jina lililomganda maisha yote.

Majaribu hayakukawia. Wazazi walinung'unika: "Tumeleta mtoto atibiwe, anarudi na tope masikioni!" Watawa nao walishindwa kusali kwa sababu ya miungurumo ya "trrr" iliyopenya ukutani. Mama Mkuu, mwanamke mwadilifu mwenye kupenda utulivu, alimhamishia kwenye stoo ya kufulia, kisha akamwonya kwamba kelele zisipopungua, kazi itafungwa. Sista alitii, akahama na ndoo zake, akilia njiani.

Wakati huo aliletwa binti wa mchomeleaji vyuma. K kwake ilikuwa t. Alipomwita kaka yake, ilitoka "tata". Wenzake walimcheka hata akaacha kusema kabisa, na mwalimu mkuu akataka atolewe shuleni. Sista hakumwomba aseme neno. Aliweka kioo mbele yao, akasukutua maji kooni, yakamrukia kwenye shela. Binti akacheka, akasukutua naye. Kila siku walifanya hivyo, wakitazama kwenye kioo jinsi ulimi unavyorudi nyuma, kisha bila maji, wakirusha vizibo ndani ya ndoo: "ka!", "ku!" Siku moja ndoo ilipinduka, sakafu ikajaa maji ya sabuni, na Mama Mkuu akaingia kwa hasira, mguu tayari hewani.

"Mama Mkuu, usikanyage huku!" binti akapaza sauti.

Mguu ulibaki juu. Mama Mkuu akamtazama Sista, akamtazama mtoto. "Rudia, mwanangu."

"Usikanyage huku. Kuna maji. Utaanguka."

Mama Mkuu akavua viatu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Basi nifundisheni na mimi huko kusukutua." Kazi haikufungwa. Jioni ile mchomeleaji alipoitwa "baba, karibu", aliketi chini palepale mlangoni.

Sista Mapovu alifariki mwaka 1996, asubuhi, akiwa amezungukwa na watu wazima aliowafundisha, wakisali rozari kwa sauti, kila herufi mahali pake. Alitabasamu hadi mwisho. Mama mmoja ashuhudia kwamba mwanawe, ambaye hakuwahi kutamka neno, alisema "mama" kando ya kaburi lake. Kanisa bado halijatoa hukumu juu ya hilo, nasi tunangoja kwa unyenyekevu. Mama yule hangoji, ameshashukuru.

Anayetaka kumfuata aanze na hili: mtoto anapokwama katikati ya neno, asimmalizie. Apige magoti, macho yao yalingane, amsubiri.