Ile F1 Parvin Aling'oa

Screen ilikuwa kahawia. Kahawia tupu, kama barabara ya Rongai wakati wa jua, na hakuna kitu hata moja hapo Parvin alikuwa anajua. Ile Start ya kijani pale chini? Imeenda. Ile folder imeandikwa PICHA, yenye alikuwa anafungua kila asubuhi kabla hata ya chai? Imeenda pia.

Na nyuma yake, kwa benchi ya wateja, mama mmoja amekaa anangoja.

Huyo mama anaitwa Chepchirchir. Ametoka upande wa Molo, kwenye nyumba yao ilichomwa wakati wa vurugu ya Januari, na kijana wake Kiprugut akiwa ndani. Walijaribu hospitali weee, mwishowe ikashindikana. Leo saa nane gari inambeba inampeleka Rongai kwa mjomba, azikwe huko, na jeneza haitafunguliwa. Unaelewa? Hakuna mtu atamwona uso. Kwa hivyo lazima mtu atembee mbele na picha, na picha zote ziliungua na nyumba. Imebaki moja tu dunia nzima, ile ya passport Kiprugut alipigwa hapa kwa studio ya Parvin, mjini Nakuru, akitafuta driving licence.

"Iko, mama. Kwangu picha ya mtu hapana potea," Parvin alimwambia huyo mama akiingia, roho safi kabisa, kabla akumbuke.

Halafu akakumbuka.

Komputa ilikuwa imejaa virus mpaka inajizima yenyewe katikati ya kazi. Jana Kiptum, kijana wa college, akaleta CD ya bure akasema anamwekea system mpya, hii haishiki virus. Akamuuliza poa tu, "Auntie, kuna vitu za kuhifadhi kwanza?" Na Parvin alikuwa na wateja mlangoni, mmoja anateta ati passport imemfanya mnene. Akajibu bila hata kugeuka, "Toa takataka yote, mimi nimechoka."

Takataka yote! Hayo maneno sasa yalikuwa yanamzunguka kichwa kama nzi.

"Inawaka pole pole, ama?" mama akauliza kutoka kwa benchi.

"Pole pole, mama. Bado mpya."

Akapigia Kiptum. Mteja hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akapiga tena, ikaingia!

"Auntie! Niko Gilgil, niambie."

"Kiptum, picha yangu iko wapi? Wewe ulifuta?"

"Auntie, tulia. Help iko ndani ya hiyo machine, kila kitu imeandikwa. Bonyeza F1, halafu uingie..."

Kimya. Network imekata, na akipiga tena, hapatikani.

Parvin akaangalia keyboard. Esc. Halafu shimo. Halafu F2.

Sasa hapo ndio unafaa kujua Parvin ni mtu wa aina gani. Bwana yake alipokufa, watu walimwambia auze studio. Akakataa. Komputa akajifundisha mwenyewe, hakuna darasa, hakuna mtu wa kuuliza. Shida ni kila akitafuta Esc, kidole kinaangukia F1, na help inafunguka inaanza kumwelezea vitu hajauliza, kama mama mkwe. Siku moja akachukua kisu ya jikoni, tak, akaing'oa. Nyakio, yule anauza credit hapo mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Studio umeng'oa komputa meno!"

"Nyakio!" Parvin akaita. "Lile jino niliweka wapi?"

"Jino gani?"

"Ya keyboard!"

"Si ulitupa? Ulisema wewe huhitaji help ya mtu."

Ilikuwa tu utani wao wa kawaida, lakini leo ilimwingia Parvin kama mwiba. Akamwaga droo yote: betri zimekufa, negative za kitambo, vifungo. Jino hakuna.

Chepchirchir akasimama, akaenda kwa ukuta penye kuna koti ya blue imening'inia kwa msumari. Kila mtu hupigwa passport na hiyo koti, madereva, mawatchman, hata wachungaji.

"Si hii ndio alivaa? Ilikuwa kubwa kwa mabega. Alirudi nyumbani akaniambia, mama, leo nimekuwa manager kidogo."

Akacheka. Katikati, kicheko ikageuka. Akaitoa koti kwa msumari akaikumbatia, akarudi kukaa nayo.

Parvin hakuweza kumwangalia. Akaingiza kidole kwa shimo, kidole ni kinene. Akajaribu ukucha. Wapi!

"Ngoja," Nyakio akasema, sasa bila mchezo. Akachomoa biro kwa nywele zake. "Si ile mpira ya chini ya button bado iko hapo ndani? Dunga na hii."

Parvin akadunga. Kimya. Akadunga tena kwa nguvu.

Window ikafunguka, maandishi mpaka chini.

Mtu mwenye hajawahi kusoma maagizo maisha yake yote akaanza kusoma. Muziki. Games. Kubadilisha rangi. Nani anataka rangi! Akaandika kwa search, *where is my photo*. Hakuna kitu. *Lost photo*. Hakuna. Saa saba ilikuwa imepita. Nyakio akanong'ona, "Jaribu ile system ya zamani." *Old Windows files*. Ikatoa mstari mmoja.

Ilisema kama system mpya imewekwa kando ya ile ya zamani, files bado ziko, nenda Places, uingie Computer. *Kama*. Na kama Kiptum alifuta yote vile aliambiwa? Hapo help haikuwa na neno.

Places. Computer. Kuna disk imekaa hapo, haina hata jina, ni namba tu. Ikaitisha password. Akaandika ile Kiptum alimwachia, namba ya simu ya duka.

PICHA.

"Mama," sauti ilitoka ndogo, "alipigwa lini?"

"Mwaka juzi. Ile wiki ya show ya kilimo."

Nyuso, nyuso, nyuso, zote kwa koti moja.

"Hapo. Rudi nyuma moja."

Kiprugut, kidevu juu, mabega yamepotea ndani ya koti, anajizuia kucheka.

Nyakio akatoka nje akasimama tu hapo. Chepchirchir akasonga karibu, akashika mkono wa ile koti, akapanguza nayo vumbi kwa screen, pale kwa uso, pole pole.

"Ni yeye."

Parvin akaprint kubwa. Akatoa bibi harusi wa kuonyesha wateja kwa frame ya dirishani, akaweka Kiprugut. Mama akafika mlangoni ndio akaona koti bado iko kwa mkono wake, akageuka kurudisha.

"Enda nayo," Parvin akasema.

Kesho yake mteja wa kwanza wa passport akauliza koti iko wapi. Parvin akamwambia funga shati vizuri, angalia hapa.