Karatasi za Theluji za Mwalimu Izza

Izza Uhammu anafundisha chekechea kijijini Ait Umalu, huko juu ya mji wa Midelt, mahali ambapo theluji ikishika barabara watu wanabaki na walichonacho ndani. Mimi nafundisha ng'ambo ya mlima, na siku ya mafunzo nitakayowasimulia nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Ya siku hiyo sikusimuliwa. Niliyaona, na mengine niliyapigia kelele pamoja naye.

Kwanza mjue karatasi zenyewe zilitoka wapi. Mwaka wake wa kwanza kazini, theluji iliwafungia watoto majumbani mpaka wakasahau hata kushika kalamu. Vitabu vilivyoletwa vilikuwa na somo la majira ya baridi, lakini baridi yenyewe ilikuwa mtoto wa mjini kashika mwavuli.

"Mwavuli!" Izza aliniambia. "Huku upepo unang'oa mabati, mtoto atafanya nini na mwavuli?"

Akachukua kalamu nyeusi, akaanza kuchora. Alichora kondoo wanarudi zizini, mtoto awahesabu. Alichora nyayo juu ya theluji, za sungura, mbweha, punda na kuku, mtoto aziunganishe kwa mstari na wenyewe. Alichora kuni za kupanga kuanzia fupi hadi ndefu, na joho la sufi lenye kofia, la kukata kwa mkasi na kumvisha mtoto wa karatasi. Upande mmoja herufi za Kiarabu, upande wa pili zetu za Kiamazighi. Kila vuli alizitoa nakala, akafunga kila fungu kwa uzi, akampa kila mtoto la kwake kabla barabara haijafungwa. Bure kabisa.

Nilipoziona nikaziomba. Wengine wakaniomba mimi. Mwisho mmoja wetu akazipiga picha na kuzitia kwenye kundi la simu la walimu wa milimani, zikaenda zilikokwenda. Jina lake Izza hakuwa ameliandika popote.

"Niandike jina la nini?" alisema. "Ni mazoezi ya watoto haya, si hati ya shamba."

Vuli ya mwaka juzi Bwana Lahbib, mkaguzi wetu, alituita Midelt kwa mafunzo. Mgeni alikuwa kijana mmoja, Nawfal, katumwa na kampuni ya vitabu. Koti limemkaa, viatu havijawahi kuona matope. Akatugawia vijitabu vya rangi, karatasi nzito inayoteleza mkononi, akaanza kutueleza jinsi wataalamu wa kampuni walivyokesha wakibuni shughuli za majira ya baridi kwa ajili ya watoto wa milimani.

Nikafungua changu. Kondoo wanarudi zizini. Nikafungua ukurasa wa pili. Kuni, fupi hadi ndefu. Nikamgeukia Izza. Alikuwa kwenye ukurasa wa nyayo, kidole kimetulia juu yake, na shingo imeanza kuwa nyekundu. Sungura yupo, mbweha yupo, punda yupo. Kuku ndiye aliyeondolewa, mahali pake wameweka pengwini, yule ndege wa barafu. Nyayo zake wameziacha zilezile za kuku. Na chini ya kila ukurasa, muhuri wa kampuni na onyo: hairuhusiwi kunakili.

Izza aliingiza mkono mkobani, akatoa fungu la karatasi zake alizokuwa ametuletea sisi wenzake, akaliweka mezani kando ya kijitabu. Nawfal, aliyekuwa akizunguka kati ya meza, akaliona.

"Mwalimu," akasema kwa upole wa kuudhi, "hizo umezitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Najua mnapata shida ya vifaa, nawahurumia. Lakini hizo ni nakala za kazi yetu. Kisheria huo ni wizi. Safari hii tusameheane, ila uzikusanye zote uzichane."

Izza akainuka. Ni mwanamke mfupi, lakini siku ile alikijaza chumba kizima.

"Hebu rudia, kijana. Naiba?"

"Mama, sikusema kwa ubaya..."

"Usiniite mama! Mama yako hajakufundisha kuuliza kabla ya kubeba? Naiba nini, naiba mkono wangu? Hawa kondoo ni wa baba mkwe wangu! Nimewachora nimekaa mlangoni nawatazama! Ninyi mnakuja, mnachukua, mnapiga muhuri, halafu unaniambia mimi nichane?"

"Lalla Izza," Bwana Lahbib akaingilia, akimwita bibi kwa heshima ya kwetu, mikono juu kama anayezuia gari, "tafadhali, tuheshimiane."

"Tuheshimiane, ndiyo! Aanze yeye!"

Nikasimama na mimi. Nikasema karatasi hizi nimezitumia miaka na miaka, na kila mtu humu anajua mkono uliozichora. Fadma, mwalimu mzee kuliko sote, hata kusimama hakusimama. Alimsukumia Nawfal kijitabu chake kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani yenye nywele.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Na huyo ndege wenu mpeni miguu yake, anatembea na ya watu."

Chumba kikacheka. Nawfal akawa mwekundu, akasema yeye ametumwa tu kuvileta, mambo ya wachoraji hayajui, naye pengine alisema kweli. Bwana Lahbib akaahidi kuandika taarifa. Tukanywa chai, tukarudishwa makwetu. Kama taarifa iliandikwa, imekaliwa na mtu mpaka leo.

Wiki hiyohiyo meneja wa kampuni akampigia Izza simu. Nilikuwa kwake, anakanda mkate, unga hadi kwenye viwiko, kwa hiyo mumewe Bassu akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Sauti tamu. Kumetokea kutoelewana, akasema. Kipaji kama chako kisipotee milimani. Njoo utuchoree, tutakulipa vizuri. Sharti ni dogo tu, zile za bure zitoke kwenye simu za walimu, na usigawe tena.

"Na mtaandika kwenye kijitabu kwamba mlinichukulia?" Izza aliuliza.

"Hayo ya nyuma tuyaache, bibie."

"Basi na mimi niache." Akabonyeza simu kwa kidole cha unga.

Bassu akashika kichwa. "Ungesikiliza kwanza, mwanamke! Paa letu unaliona lilivyo."

"Nimesikiliza. Anataka kuninunua ninyamaze na watoto wakose. Wewe umesikia kitu kingine?"

Bassu akatoka kwenda kwa kondoo wake.

Mngedhani baada ya hapo aliketi akachora kwa hasira. Hapana. Hasira ilimgeuka. Alisema hachori tena, si kondoo, si kuni, si chochote. "Nikichora wanachukua. Nikigawa wanapiga muhuri. Basi wachore wenyewe wataalamu wanaokesha." Nilimbembeleza, akanifukuza. Katika kundi la simu walimu waliuliza, Mwalimu Izza, mwaka huu vipi? Hakujibu. Mawingu yakashuka, vilele vya mlima wetu wa Ayashi vikawa vyeupe, na kwa mara ya kwanza watoto wa Ait Umalu wakaanza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Aliyemvamia ni Rabha, mama wa kitoto kimoja kiitwacho Tilila. Rabha hajui kusoma. Alifika darasani na matope miguuni, mzigo wa kuni bado uko mgongoni, akamsemesha mbele ya watoto wote.

"Fungu la mwanangu liko wapi?"

"Mwaka huu hakuna, dada. Waliniibia, umesikia."

"Nimesikia. Nimewalaani na usiku nimelala nikiwalaani. Waliokuibia ni mimi?"

"Sikusema ni wewe."

"Ni Tilila? Amekosa nini Tilila? Wao wamekupiga kofi, wewe umegeuka ukalirudisha huku! Wao wana joto lao mjini, hata habari hawana kama umenuna. Anayekaa na ukuta msimu mzima ni mwanangu. Na mimi ambaye siwezi kumfundisha hata herufi moja!" Sauti ikamkatika. Akaondoka bila kuaga, kuni zikagonga mlango.

Izza aliniambia alikasirika na Rabha kiasi cha kutaka kumkimbilia. Ananikemea mimi, huyu mpumbavu asiyejua uchungu wangu? Akawarudishia watoto macho. Walikuwa wanamtazama, na Tilila analia kwa aibu ya mama yake. Izza akavuta karatasi, akakaa palepale. Akachora mwanamke amebeba kuni mgongoni, uso umekunjwa kwa hasira, mtoto ahesabu kuni. Watoto wakamjua papo hapo, wakaangua kicheko, hata Tilila. Fungu lile lilitoka siku moja tu kabla barabara haijafungwa, na kwenye kila karatasi, pembeni, kuna maneno kwa mkono wake: Izza Uhammu, Ait Umalu. Bure. Anayeiuza ni mwizi.

Kampuni haijaomba radhi. Kijitabu chao bado kinauzwa, pengwini yuko vilevile. Msidhani Izza amepoa. Mwezi uliopita tuliingia naye duka la vitabu mjini, akamkuta mama mmoja kakishika kijitabu hicho anakwenda kulipa.

"Weka hicho chini, dada yangu, wacha nikupe za bure."

"Lalla!" mwenye duka akapiga kelele. "Leo tena? Unanifukuzia wateja!"

"Nakufukuzia dhambi, nishukuru," Izza akamjibu, huku mkono uko tayari ndani ya mkoba.